Salamu Niliyoichelewesha Penye Baruti

Kuna siku moja, mjukuu wangu, hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitoisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Muscat. Nilikuwa kijana mwembamba kama uzi, nimemaliza skuli ya jioni pale Darsait, na cheti changu nimekitundika juu kuliko saa ya ukutani, ili mgeni akitaka kujua saa ngapi akisome kwanza. Mchana nikifanya kazi kwenye klabu ya shabaha nje ya mji, njia ya kwendea Qurayyat. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza risasi kwa mkono.

Usicheke. Ilikuwa kazi ya vibali na ya watu wachache. Wanachama wetu walikuwa na bastola za magnum, na zikilia mbuzi wa Qurayyat wanaacha kula, wanatazamana. Sisi tukiyachukua maganda yaliyokwishatumika, tukayasafisha, tukayatia fataki mpya za kuwashia baruti, tukapima baruti kwenye mizani na kuimimina, kisha tukakaza risasi juu. Wakati ule kila mtu alitaka risasi za sabo. Hiyo ni risasi ndogo iliyovishwa kikombe cha plastiki ili ienee kwenye mtutu mpana. Ikishatoka, kikombe kinaachwa hewani, kama mtu anaevua kanzu huku anakimbia, na risasi inakwenda zake kwa kasi ya ajabu. Mdomo wa ganda ukiwa mkali kidogo tu, unaikwangua ile plastiki na shabaha imekwisha. Mimi sikuwahi kukwangua hata moja. Haya, labda moja.

Fundi wetu mkubwa, mzee wa Kizanzibari tukimwita Ami Salum, alikuwa na sharti lake. Mwenye baruti mkononi hajibu mtu. "Hata mimi nikikuita," akisema, "hata nikikwambia nyumba yenu inaungua. Maliza safu, funika, ndo unijibu." Na alikuwa na haki. Ganda la magnum ni refu, linameza baruti mara mbili wala halifuriki. Mtu akikukatiza ukasahau ulipofika, ukamimina tena, risasi ikishakaa juu hakuna anaeona kitu. Atakaejua ni yule bastola itakayompasukia mkononi.

Sharti rahisi, eti? Jaribu kulitimiza kwa watu wetu! Sisi hatusalimiani nusunusu. Tunaulizana khabari za mtu, za wazee, za watoto, za shamba, za safari, kisha tunaanza upya kwa Kiarabu.

Siku zile nilikuwa nimepeleka posa kwa Bwana Hilal wa Khuwair ya Kusini, mwanajeshi mstaafu, namtaka binti yake Zuwena. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Aliwaambia washenga wangu tu, "Ntakuja kumtazama kijana huko kazini kwake."

Akaja. Ami Salum yuko msikitini, mimi na mwenzangu Nasibu tuko mezani, kila mmoja na trei yake ya maganda, tunamimina baruti. Mlango ukafunguka, Bwana Hilal huyo, kilemba kimekaa sawa, mkononi bakuli la halwa.

"Assalaam alaykum!"

Moyo ulinipiga kishindo nadhani walikisikia mpaka Salala. Mkono wangu uko katikati ya safu. Nikamjibu moyoni, nikanyanyua kiganja kidogo, macho kwenye ganda.

Nasibu, yeye, uso wote meno. "Waalaykumu ssalaam, ami! Karibu! Khabari za nyumbani? Wazee? Watoto?" Na mkono wake unamimina.

"Alhamdulillah. Na huyu bwana harusi wetu je? Hana ulimi?"

Nikamimina ganda lililofuata. Jasho likanitoka kama bomba lililopasuka.

"Basi," akasema Bwana Hilal. Akaondoka. Na halwa akaondoka nayo, mwanangu, na ilikuwa bado ya moto.

Nilimaliza safu. Nikamulika kila ganda kwa tochi, nikafunika, nikanawa, ndipo nikatoka mbio. Nikamkuta Bwana Hilal kivulini na Ami Salum aliyekwisharudi. Nikamshika mkono, nikamrudishia salamu yake yote, na nyongeza.

"Salamu yangu imeshapoa," akasema. "Salum, binti yangu simwozi bubu."

Nikamtazama Ami Salum anitetee. Wapi! Aliniambia tu, "Nenda na Nasibu, mkakaze risasi, mlete trei zote mbili."

Tukazileta, risasi za sabo zimejipanga, zote sura moja. Ami Salum akamgeukia Nasibu. "Ulipokuwa ukimjibu mgeni, ulikuwa umefika ganda gani?"

"La safu ya tatu, nafikiri."

"Unafikiri?"

Nasibu akajikuna shingo. Ami Salum akamwambia Bwana Hilal kwa upole, "Ukipenda kupiga, bastola hiyo hapo. Trei hii ni ya kijana aliyekujibu. Hii ya yule bubu. Mkono ni wako, chagua."

Bwana Hilal alizitazama trei. Akautazama mkono wake wa kulia, akaufumba, akaufumbua. Mtu aliyekaa jeshini miaka yote ile haelezwi mara mbili.

"Nipe za bubu," akasema.

Akapiga, zote zikatoka salama. Trei ya Nasibu tuliifungua risasi moja moja, na ndani ya ganda moja tukakuta baruti maradufu.   Bwana Hilal alikwenda garini, akarudi na halwa, akaniwekea mimi mbele. Zuwena ndiye huyo bibi yako anaekukaripia ukiacha viatu mlangoni.

Najivuna kwa siku hiyo, na sioni haya kujivuna. Basi, mwanangu, lishike hili. Ukiwa na kazi ambayo roho ya mtu imo ndani yake, usiigawe na maneno, wala simu, wala heshima ya mkubwa yeyote. Akununie. Lakini ukishamaliza usijikalie na haki yako ukangoja aje kukuelewa. Mfuate wewe, mbio, umpe heshima yake yote na ziada, kwa sababu yeye hakujua, wewe ulijua. Wengi wanaweza moja ya hayo mawili. Wewe nakutaka uyaweze yote.

Mwenyezi Mungu akutulize mkono na akukunjue uso, akulinde wewe na kila atakaetumia kitu ulichokitengeneza, na asikujaalie hata siku moja kusema "nafikiri" pale unapotakiwa ujue. Amin.