Kodiani Tumboni mwa Kochi

Fundi Sponji alikuwa na mke mmoja na vyombo sita vya muziki, na aliwapenda wote saba, ingawa aliyemwogopa ni mmoja tu.

Kazi yake ilikuwa kufufua makochi. Ukimpelekea kochi lililozama katikati kama barabara ya malori, atakurudishia limetoa kifua mbele. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita Sponji kwa sababu hakuna siku aliyotembea bila chembe za sponji kichwani, hata kwenye harusi ya mdogo wake.

Vyombo vyenyewe vilikuwa gitaa, zeze, filimbi, tarumbeta, marimba na kinanda cha mdomo. Hakuna alichokipiga vizuri sana, na hakuna alichokipiga vibaya kiasi cha kukatazwa. Waliomuuliza sita vya nini, na mikono ni miwili, hawakuijua kazi yake. Siku ya kupigilia, fundi wa makochi hujaza misumari midogo mdomoni, kumi na tano, ishirini, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Ikifika jioni midomo imekufa ganzi, haiwezi kuzima hata mshumaa. Siku hiyo ni ya gitaa au zeze. Siku ya kushona kwa mkono, ile sindano ndefu humtoboa vidole mpaka uzi wa gitaa anausikia kwenye meno. Hiyo ni ya tarumbeta au filimbi. Siku ya gundi vidole vinanata, basi anashika marimba, maana fimbo ikigandia mkononi haianguki. Na siku ambayo kila kiungo kinalalamika, kuna kinanda cha mdomo, kinachokubali kupigwa na mtu aliyelala chali.

Siku ya saba alimwimbia Mungu kwa koo lake mwenyewe, na waumini wenzake walivumilia.

Taabu yake, kama ni taabu, ilikuwa pale jioni kazi ikiwa nyepesi na hakuna kinachouma. Hapo alisimama mbele ya ukuta alikovitundika, akakuna kidevu. Akichukua gitaa, anaiona filimbi imenuna. Akichukua filimbi, zeze linamtazama kama mtoto aliyenyimwa kubebwa. Alikuwa akianza wimbo kwa hiki, katikati anahamia kile, anaumalizia kwa kingine.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia siku moja, "huo wimbo umehama nyumba mara tatu. Uache upange mahali pamoja."

Mama Pacha ndiye aliyeshona foronya za makochi kwa cherehani yake pale sebuleni, na hesabu zote za nyumba alikuwa nazo kichwani. Ni yeye aliyeweka sheria. Asubuhi moja aliamka amekumbatia marimba, mume amelala upande wa pili wa marimba, na hakupiga kelele. Alingoja chakula cha jioni.

"Sita vinatosha," alisema. "Kuanzia leo kikiingia kimoja, kimoja kitoke. Sema mbele ya Mungu."

"Nasema."

"Amina?"

"Amina," akasema Fundi, na miaka miwili ahadi ikasimama.

Ndipo akaja dereva mmoja aliyekuwa anahama mji, gari limejaa mpaka juu. Alitaka viti viwili vivalishwe upya, na badala ya malipo akatoa kodiani, kile kinanda cha kuvaa kifuani, cha kuvuta na kusukuma. Ilikuwa nyekundu, mkanda mmoja umekatika. Fundi akaivaa, akaivuta, nayo ikapumua kama mtu aliyeamshwa usingizini. Seremala wa kibanda cha pili, aliyetumia naye uwanja mmoja, akasimamisha msumeno.

"Sponji, hicho ni cha saba."

"Najua kuhesabu."

"Na Mama Pacha?"

"Yeye anajua zaidi."

Fundi alijipa mpaka Jumamosi kuamua kipi kitoke. Katikati ya hapo kodiani ingekaa karakana, maana karakana si nyumba. Alijiambia hivyo mara tatu njiani na mara zote tatu hakujiamini. Tena Mama Pacha alikuwa akipita kila siku kuleta foronya, na kila kona ya kibanda kile aliijua, hata chupa ya gundi iliyojificha nyuma ya mlango. Mahali pekee ambapo hakuwa na sababu ya kuchungulia ni tumboni mwa kochi lililokwisha kazi.

Kochi lilikuwepo moja, la watu watatu, la Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma. Lilikuwa tayari, lakini alisema atalichukua Jumatatu. Fundi akalilaza kifudifudi, akaiweka kodiani chini ya springi, akaizungushia sponji isigongegonge, akapiga kitambaa cheusi cha chini kwa pini chache tu za kushikiza. Akajifuta mikono kwa furaha ya mtu anayezika kitu chake mwenyewe.

Jumatano jioni alianza kuaga. Mpango wake ulikuwa kukipiga kila chombo mara ya mwisho, na kitakachomchosha ndicho kitoke. Lakini vyombo ni kama watoto wanaosikia habari za bweni. Zeze, ambalo mwaka mzima lilikuwa linakwaruza, usiku ule liliteleza kama limepakwa mafuta. Alhamisi tarumbeta ikapanda juu mahali isipowahi kufika, mpaka jirani akafungua dirisha, na hakutukana. Ijumaa alikata shauri kwamba ni filimbi. Ina ufa, inakohoa, na mtu akiipuliza sana anaona nyota. Akaishika amwage machozi kidogo, na filimbi ikaimba mpaka Mama Pacha akasimamisha cherehani.

"Leo umekula nini?" akauliza.

Fundi akaitundika filimbi ukutani. Alilala akijua hajui kipi kitoke.

Jumamosi asubuhi alienda kutafuta vifungo vya kochi lingine, akazunguka duka hadi duka kwa sababu rangi haikulingana. Aliporudi, saa nane imepita, mahali pa kochi la Mwalimu palikuwa na alama nne za miguu kwenye vumbi.

"Mkwe wa Mwalimu amekuja na pikapu," seremala akasema bila kuinua kichwa. "Nimemsaidia kubeba. Mwalimu ana wageni leo, kikundi chao cha sala, anataka wakalie kochi jipya. Ila Sponji, tulipoliinamisha limeguna. Nikadhani ni mgongo wangu."

Fundi alishika mlango. Katika kikundi kile cha sala, aliyeanzisha nyimbo alikuwa Mama Pacha.

Alikimbia na vifungo vyake mfukoni vikilia njugu njugu. Njiani akatunga maneno. Angesema amesahau sindano ndani ya kochi, ni hatari, naomba niligeuze kidogo uani peke yangu. Angetoa alichokuja kutoa, angekizungushia koti, na hakuna mtu angeumia. Maneno yalikuwa mazuri. Aliyarudia mpaka yakawa laini.

Alipofika chini ya dirisha la Mwalimu akasikia sauti ya Mwalimu mwenyewe: "Sasa akina mama, tukae."

Na baada yake: *Hoooo.*

Fundi akafumba macho. Pale kwenye kochi walikaa watatu, Mama Pacha upande huu, jirani yao upande ule, na katikati dada muuza maziwa, mwanamke mnene mwenye roho nyeupe kama biashara yake.

"Jamani, mnisamehe," dada muuza maziwa alisema kwa sauti ndogo. "Ni maharage."

"Usijali, dada," ikajibu sauti ya Mama Pacha. "Tumbo halimheshimu mtu."

"Basi tusimame tuombe," akasema Mwalimu.

*Hiiii.*

Mtu akakohoa kwa adabu. Sala ilipoanza, dada muuza maziwa ndiye aliyesikika kuliko wote, anatubu dhambi za jana na juzi na za ulafi wa tangu utotoni. Wakaambiwa wakae. *Hoooo.* Sasa alikuwa analia.

"Mimi niende tu nyumbani. Nawaharibia sala."

Hapo Fundi akabisha hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesahau sindano ndani ya kochi."

"Sindano!" akasema Mwalimu. "Tumekalia sindano?"

Wote watatu wakaruka. *Hiiii!*

"Samahani tena," akasema dada muuza maziwa, akifuta macho kwa upindo wa nguo.

Fundi alimtazama. Mkononi alikuwa na njia nyeupe kabisa ya kutokea. Kochi lingeenda uani, kodiani ingeenda kotini, na dada yule angeenda nyumbani na maharage yake maisha yote. Akamtazama mkewe. Mama Pacha hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameinamisha shingo, anatazama kochi, kama anavyotazama mshono asioukumbuka.

"Si tumbo la dada," Fundi akasema. "Hakuna sindano pia. Ni kodiani."

"Ni nini?"

Fundi akainama. Alilaza kochi kifudifudi, akang'oa pini nne kwa ukucha, na wekundu ukachungulia.

Wa kwanza kucheka alikuwa dada muuza maziwa. Alicheka akishika ukuta. "Kumbe ni ya kwako! Nimetubu mpaka ulafi wa utotoni kwa kosa la kinanda! Fundi, hizo toba utanirudishia!"

Akina mama wakaangua kicheko, isipokuwa mmoja.

"Baba Pacha," akasema mkewe. "Vingapi?"

"Saba."

"Tulisema?"

"Sita."

"Tulimwambia nani?"

Fundi akaelekeza kidole juu, kwenye dari ya Mwalimu.

"Haya. Kitoke kipi?"

Akafikiria misumari na midomo, akalitoa gitaa hukumuni. Akafikiria sindano, akaitoa tarumbeta. Akaiona ile filimbi yenye ufa. Akashindwa. Mwisho akapiga magoti karibu na kochi, akaigusa ile nyekundu mara moja begani, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

"Itoke hii. Ndiyo iliyoingia kwa kujificha."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Aliyemjua angeona kwamba nusu ya hasira imekwisha shuka.

"Itoke iende wapi?" Mwalimu akauliza. Alikuwa bado amesimama, na sauti ile ya darasani ikamfanya Fundi anyooke. "Rudisha pini zangu."

"Mwalimu, hiki si sehemu ya kochi."

"Leo mmelileta saa tano. Nikakaa, likasema *hooo*. Nikaliambia, na mimi pia nimechoka. Tangu baba yao atangulie mbele za haki na mabinti waolewe, nikikaa chini humu hakuna anayesema kitu. Nikadhani ndivyo makochi ya siku hizi yalivyo, nikaona aibu kuuliza."

"Kwa hiyo ulijua ni kochi!" akasema dada muuza maziwa. "Ukaniacha nitubu!"

"Nilijua ni kochi," Mwalimu akakiri. "Ila ulivyoomba radhi kwa uchungu vile, nikafikiri labda na wewe umechangia."

Kikundi cha sala hakikurudi kwenye sala mpaka baada ya chai.

Ikaamuliwa hivyo. Kodiani imetoka kwa Fundi, imeingia kwa Mwalimu, na ahadi imebaki nzima. Lakini Mwalimu alikuwa na sharti. Sauti ile ilifanana na mbuzi mwenye mafua, naye alitaka kitu kinachofaa kusikilizwa na mtu mzima.

Jumatatu Fundi akalala chali chini ya kochi, anakwamisha vibonyezo kwa vipande vya kitambaa, hiki kishuke, hiki kiachwe. Juu yake walikaa na kuinuka Mwalimu, Mama Pacha, na dada muuza maziwa aliyekuja kukaa makusudi.

"Ya kukaa ni nzuri," Mama Pacha alisema. "Ya kuinuka inanuna."

"Hii je?"

"Hiyo inauliza swali."

"Hii?"

Wakainuka wote watatu. Sauti ikatoka pana, tulivu, kama watu wawili wanaokubaliana. Wakakaa, wakainuka tena kuhakikisha. Chini kule, Fundi alijipangusa vumbi usoni na kitu kingine pamoja nalo. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga chombo vizuri sana, tena bila kukivuta wala kukisukuma.

Jioni nyumbani Mama Pacha alijitupa kwenye kochi lao la zamani. Halikusema kitu. Akainuka. Kimya. Akakaa tena, polepole zaidi, akasikiliza.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Kilichomo ndani ya kochi, unakihesabu ni chombo au ni springi?"

Fundi alisimama palepale. Alikuwa mtu wa kiapo, akamwachia mwenye hesabu.

"Mimi nakihesabu ni springi," akasema Mama Pacha, akiokota foronya yake. "Na Mungu anajua mimi sidanganyi."

Fundi akageuka kuukabili ukuta, akakuna kidevu. Marimba ni ndefu, ila ikilazwa... Zeze lina shingo. Kinanda cha mdomo kingeenea, lakini nani wa kukipuliza? Filimbi ilikuwa imenuna tayari. Nyuma yake cherehani ikaanza kuunguruma, kisha ikasimama.

"Ila tarumbeta," mkewe akasema, "usithubutu."