Ngoma Zilizolazwa Kwamsisi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Korogwe, nilikabidhiwa pampu ya mipira. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, nikitarajia meza na kiti. Afisa Utamaduni wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, mtu mnene asiyependa haraka, alifungua stoo ya jezi na nyavu akasema, "Ofisi yetu ndiyo hii, binti. Utamaduni na michezo ni mke na mume, ila mwenye kauli ni mpira." Nikacheka kwa adabu. Baadaye nilielewa kuwa hakuwa anatania.

Nyinyi mnaoingia idara hii leo hamtaamini tulivyofanya kazi. Afisa alizunguka vijijini akiuliza: kuna ngoma gani hapa, kaburi gani la kale, nani anajua habari za wahenga? Kisha aliandika andiko la mradi, yaani maombi ya kueleza kitu gani kihifadhiwe na kwa nini. Likipita kwenye vikao vya halmashauri lilipewa kifungu, sehemu yake ndani ya bajeti. Lakini kifungu si fedha. Kifungu ni sufuria, unga ni habari nyingine. Na unga ukija mwezi wa Mei, sharti upikwe wote kabla Juni haijaisha, kwa sababu mwaka wa fedha unafungwa na bakaa, yaani fedha isiyotumika, inarudi serikali kuu. "Ukiona Juni inakaribia, usilale," bosi alinionya. Sikulala. Mpaka leo Juni ikifika nazunguka ndani ya nyumba yangu hapa Masuguru, naenda jikoni, narudi sebuleni, wajukuu wananiuliza, "Bibi, unatafuta nini?"

Kutoka Korogwe nilihamishiwa Handeni. Mkurugenzi wa huko alikuwa mchapakazi, mwepesi wa kusaini na mwepesi zaidi wa kufoka. Katika mizunguko yangu nilifika Kwamsisi, nikamkuta Mzee Mhina, mtunzaji wa ngoma za ukoo wake, na mkewe Bibi Mwanaidi, mwimbaji. Mimi ni Msambaa, kwetu ni juu ya Mombo. Kizigua nakielewa vizuri, ila nikikisema, Bibi alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Andiko langu liliomba mambo mawili tu: kurekodi nyimbo walizozijua wazee wale, na kujenga kibanda cha ngoma, maana mchwa walikuwa wameshabisha hodi. Mwaka baada ya mwaka lilikatwa. Barabara kwanza. Zahanati kwanza. Nani atabishana na zahanati? Lakini niliumia, tena niliumia sana, kwa sababu wazee hawaongezwi umri na kikao.

Hatimaye likapita. Fedha zikaingia Mei inaishia. Wiki iliyofuata Mzee Mhina akafariki.

Katika ukoo ule, mwenye ngoma akifa, ngoma zinalazwa kifudifudi, ngozi chini, na hakuna anayezigusa mpaka arobaini. Siku hiyo mwanamke wa nyumba anaimba wimbo wa kuziinua, peke yake, bila mapigo, ndipo wanaume wanazigeuza. Nilipiga hesabu ya siku nikajua tumekwisha. Arobaini ingeangukia Julai.

"Mama Utamaduni," Mkurugenzi aliniambia, "hela ya serikali haikai matanga. Chukua kikundi cha hapa mjini, wapige, warekodiwe, tufunge."

"Wapige nini, Mheshimiwa? Nyimbo zile hawazijui."

"Ngoma si ngoma? Au unataka niwaeleze wakubwa kwamba tulikuwa tunangoja marehemu?"

Nilipanda bodaboda hadi Kwamsisi. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani, amejitanda kaniki. Nilimpa pole, nikazungukazunguka maneno, mwisho nikamwambia kwamba serikali inafunga mahesabu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mfiwa ni mimi.

"Mwanangu," alisema, "hiyo serikali yenu haifiwi?"

Nilirudi nikamwambia Mkurugenzi sitapeleka kikundi cha kukodi. Alinifokea mlango ukiwa wazi, masjala nzima ikasikia. Fedha zikarudi.

Siku ya arobaini nilienda kwa nauli yangu. Bibi aliimba wimbo wa kuinua, sauti kavu isiyotetemeka, nami nikaurekodi kwa simu. Nyimbo za mavuno alikataa kuziimba. "Zina msimu wake. Njoo na watu wako tukivuna." Mwaka uliofuata kifungu chetu kilifutwa, eti hakikutumika. Bibi, aliyekuwa amebaki na ngoma, akaugua, akafariki, zikalazwa tena. Arobaini yake ikapita bila wa kuziinua. Binti yake, Zaina, alisema anaujua mwanzo tu.

Nikastaafu zikiwa bado zimelala. Watu husema kustaafu ni kupumzika. Mimi nilipewa keki na kitenge, nikarudi nyumbani na swali moja: nilimheshimu Mzee Mhina, au niliziua nyimbo za mkewe? Nimelizungusha swali hilo hadi limenichosha.

Mwaka huu afisa mpya wa Handeni alinipigia. "Shikamoo mama. Kifungu kimerudi! Tuna wimbo wa Bibi kwenye ile simu yako? Tutaupiga kwa spika, ngoma ziinuliwe."

Nilikata simu nikatafuta viatu.

Kwamsisi nilimkuta Zaina na wanawake wenzake, wanaume wa ukoo wamekaa kando, ngoma ziko vilevile, udongo wa mchwa umepanda ubavuni. Nikatoa simu. Zaina akausukuma mkono wangu taratibu. "Iweke, mama. Sitaki kumsikia humo."

Basi nikaimba mwenyewe. Niliimba vibaya, Kizigua changu kikipinda kila mahali, wanawake wakaanza kucheka kama alivyokuwa akinicheka Bibi. Zaina naye akacheka, halafu akashindwa kuvumilia.

"Siyo hivyo, Mama Utamaduni, unaharibu!" Akaushika wimbo tangu mwanzo. Akafika pale alipokuwa akisema hapajui, akapita. Hakusimama. Niliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakinitoka, na wanaume wakainama kuzigeuza ngoma.

Simu ikalia. Ni yule afisa. "Mama, fedha bado hazijaingia. Naomba wasianze kwanza."

Pigo la kwanza lilikuwa limeshalia.

"Wameanza," nikamwambia. "Fedha zitatukuta."