Groseye za Madamu

Mwezi uliopita nilikwenda Likasi kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu, na kwa kuwa sina akili ya kutulia mahali nilipoalikwa, nikatoka kwenda kuitazama nyumba tuliyokulia. Ungekuwa nami ungenizuia. Nyumba za kambi ya wafanyakazi bado zimejipanga kwenye mistari yake, ila rangi imekwisha na kila mtu ameongeza chumba upande alioutaka. Mama anayekaa pale sasa alinipokea vizuri. Alinipa kiti, akanipa maji, akanionyesha mboga zake za lengalenga na mihogo yake. Asubuhi hiyo alikuwa amepalilia, na magugu ameyarundika kando ya ukuta. Juu ya lile rundo niliona groseye, imeng'olewa na mizizi yake.

Labda kwenu hazipo, basi nikueleze. Ni tunda la mviringo, la manjano, dogo kuliko nyanya ndogo kabisa, limefungwa ndani ya ganda jembamba la rangi ya karatasi kuukuu. Ukilitia mdomoni huanza kwa uchachu unaokufumba jicho moja, halafu utamu unakuja taratibu. Nikamuuliza yule mama kwa nini ameing'oa, tena kwa sauti ambayo mgeni haitumii kwenye nyumba ya watu. Alinishangaa, na alikuwa na haki. Nikaomba radhi, lakini hasira haikutoka, maana ilikuwa hasira ya zamani na yeye hakuwamo.

Jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, na mtaa mzima ulimwita Madamu. Kwetu mtu mzima haitwi kwa jina lake. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake, mama wa fulani, lakini Madamu hakujaliwa mtoto, basi akabaki Madamu tu, shuleni, kanisani na bombani. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na vichaka vya groseye vilivyojiegemeza ukutani kwenye udongo wa kokoto, pale ambapo hata nyasi zilisitasita kuota. Marehemu mama yake alimfulia nguo Mzungu mmoja, enzi mji ungali unaitwa Jadotville, na mbegu zilitoka kwenye bustani ya Mzungu huyo. Madamu hakuzimwagilia, wala hakuzitilia mbolea. Alikuwa na sheria moja tu: groseye haichumwi. Unangoja ianguke yenyewe, ndipo unaiokota, umenye karatasi, ule. Sisi watoto tulikaa chini ya vile vichaka tukikodoa macho, tukipuliza matawi kwa midomo kana kwamba ni upepo, naye alitutazama kutoka dirishani akatuacha.

Kisha ukaja ule mwaka ambao watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba Katanga, mkoa wetu, si kwao. Ukoo wa Madamu ulitoka huko, lakini yeye alizaliwa Likasi. Kasai aliijua kwenye ramani aliyotuchorea ubaoni. Majirani waliokula naye Noeli mwaka baada ya mwaka wakaanza kupita mlangoni kwake wakitazama upande wa pili, na sisi tulikuwa miongoni mwao, sitajitoa. Siku aliyokwenda stesheni kungoja gari la moshi pamoja na wenzake, alipitia nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa amebeba kichaka kimoja cha groseye na udongo wake, ndani ya kopo la mafuta. Akampa bibi yetu, ambaye kila mtu alimwita Kambo.

"Kambo, miye naenda," alisema. "Hii unichungie tu. Nitarudia kuikamata."

"Haitakufa mu mikono yangu," Kambo akajibu.

Basi hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Nataka uelewe hali ilivyokuwa. Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kinazimika idara moja baada ya nyingine. Poso, lile gunia la unga ambalo wafanyakazi walipewa kila mwezi, ilikuwa imekoma. Watu ambao hawakuwahi kushika jembe walilima bustani za maua, wakalima njia, wakalima uwanja wa mpira, kila mahali mahindi na viazi vitamu. Bomba la maji lilikauka. Na katikati ya shamba letu, mahali penye udongo mzuri kuliko pote, Kambo akapanda kichaka kisichoweza kumshibisha hata panya. Mimi, mtoto wa kike wa mwisho, nikapewa kazi ya kukinywesha. Kila asubuhi niliteremka mtoni na bidoni la njano, nikapanda nalo kichwani huku maji yakiniingia shingoni, na kabla sijapata hata uji, groseye ilikuwa imekwisha kunywa.

Baba naye, badala ya kunitetea, alizidisha. Alikuwa amelishwa na kiwanda tangu ujana wake, na alijua njia moja tu ya kutunza kitu. "Muntu asipokula, hatumike," alikuwa akisema, maana yake hawezi kufanya kazi, huku akikiwekea kichaka samadi ya kuku, majivu ya jikoni, maji ya kuoshea samaki. Yaani mmea ulipewa poso wakati sisi tumenyimwa. Ukanenepa. Ulinipita kifuani, majani yakawa mapana na laini, ukatupa matawi mpaka kwenye mahindi. Tunda hata moja hakuna. Nilikichukia kile kichaka kuliko nilivyomchukia mtu yeyote.

Mama mmoja aliyetuletea samaki kwa baiskeli kutoka ziwa Tshangalele alikitazama siku moja akacheka hadi akashika kiuno. "Munaikulisha mingi," alisema. "Muache ilale njala, njo itazaa." Kambo alikasirika akakataa hata kununua samaki, tukala bukari, yaani ugali, na lengalenga. Kitu cha mwenzako ulichopewa kukichunga, alisema, huwezi kukilaza njaa. Madamu akirudi akute kimekonda, utamtazamaje? Baba alipoanza kuchoka na kutamani pale mahali papandwe mahindi, Kambo alisimama mbele ya kichaka na jembe mkononi, akamwambia maneno manne ambayo tuliyasikia mpaka yakatuchosha: "Hapana. Iko na mwenyewe."

Alikuwa mgumu yule mzee, ee Mungu wangu. Ungemwambia jua linachomoza, angeuliza nani kasema.

Kiangazi kilipofika, walimu waligoma na mto ukapungua, mimi nikafikia mwisho wangu. Nilianza kumwaga nusu ya bidoni njiani. Halafu nikamwaga yote. Halafu sikuteremka kabisa. Nilikaa na wenzangu nyuma ya kanisa tukicheza mawe, nikarudi nimelowesha nywele kwa mkono. Kambo aliuliza kama nimeinywesha groseye, nikasema ndiyo. Macho yake hayakuona mbali tena na alinisadiki. Baba alikuwa anashinda kutwa akitafuta riziki, hakuwa na nafasi ya samadi. Kichaka kikasinyaa, majani yakadondoka, nikaanza kuogopa. Kisha asubuhi moja nikaona matunda ndani ya maganda yake, vitaa vidogo vya kijani vinavyoning'inia kwenye kila tawi.

Kambo alitembeza habari mtaa mzima. Tazameni, alisema, mjukuu wangu ameinywesha kila siku bila kukosa, na sasa imezaa. Alinisifu mbele ya watu, akanichagulia kipande cha nyama cha kwanza kupatikana tangu Pasaka. Nilikitafuna nikiwa nimeinama. Nilitaka kusema kwamba yule mama wa samaki alikuwa na haki, lakini kusema kungeniletea fimbo, basi nikameza.

Zilipoanguka, tuliruhusiwa kula chache. Nyingine Kambo alizikamua, akazianika mbegu juu ya gazeti, akazifunga kwenye pembe za vitambaa. Kila aliyesafiri kwenda upande wa Kasai alipewa fundo moja ampelekee Madamu. Kambo alimshika msafiri mkono, akamwambia jina kamili la Madamu, la baba yake na la kijiji chao, akamfanya alirudie. Mimi nilikuwa palepale, nimebeba beseni, namngoja amalize ili niende kucheza. Jibu halikuja hata mara moja. Kambo alikufa mwaka uliofuata, nasi tukahamia Lubumbashi. Shamba lile lilibaki na wengine, na hakuna aliyekumbuka kichaka.

Lakini chenyewe hakikutukumbuka pia, inaonekana, maana kiliendelea. "Ile nyasi haikufe," yule mama anayekaa pale sasa aliniambia. "Naitosha na mizizi yote, inarudia." Nilimwomba tawi moja lenye matunda. Akaniambia nibebe mmea wote, ni takataka, na kwani nataka kuufanyia nini?

"Iko na mwenyewe," nikasema. Nilisikia sauti ya Kambo ikitoka kinywani mwangu.

"Ni nani?"

Siku hizi mtu hutafutwa kwa simu. Nina ndugu wa ukweni Mbuji-Mayi, kule Kasai, ningeweza kuuliza hata jioni ileile. Mwalimu wangu alinifundisha kusoma na kuandika vizuri, alinitengenezea herufi zangu moja moja, na mimi sikuwahi kumwuliza jina lake. Kambo alilitamka mbele yangu mara sijui ngapi. Nilisimama katika ule uwanja nimeshika tawi.

"Madamu," nikamjibu.