Rota Ikiwa Baridi

Shemeji yangu, fundi wa jenereta, ana kichwa kigumu kuliko vyuma anavyovifungua. Jana nilimpelekea jenereta ya saluni yangu, iliyokuwa ikikata umeme kila inapofanya kazi kwa muda. Akatoa rota, ile sehemu inayozungushwa na injini, akagusisha waya mmoja wa mita kwenye koili na mwingine kwenye shafti. Mita ikaonyesha umeme hauvuji.

"Basi ni nzima, ifunge," nikasema. "Nimeacha wateja na vichwa vimelowa."

Akaitumbukiza rota kwenye pipa lenye balbu mbili kubwa, akaziwasha, akafunika, akavuta kiti.

"Shemeji, unaibanika mpaka iive?"

"Mpaka ipate moto kama inavyopata kazini."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mafundi wenzake hupima mara moja tu.

"Hata mimi nilikuwa hivyo," akasema bila kuniangalia. "Ile rota ya jenereta ya hospitali niliipima ikiwa baridi. Mita ikasema nzima, nikaifunga, nikamwambia dada yako alale bila wasiwasi."

Miaka mitatu nimewalaani wauguzi kwa kuzimika kwa mashine ya oksijeni ya dada usiku aliofariki, na muda wote huo yeye ameketi kando yangu, ananisikiliza.

Nikavuta kiti cha pili. Baadaye akapima tena, na safari hii mita ikalia: umeme unavuja.

Akatazama saa ukutani.

"Dakika arobaini tu, shemeji," akasema.