Flashi ya mjomba imepata bosi mwingine

Leo bibi harusi kaingia ukumbini, mimi mpiga picha wao nimeambulia picha ya giza.

Flashi yangu ni ya kizamani, ya marehemu mjomba. Ukiipachika kwenye kamera ya dijitali, umeme wake unaweza kuiunguza. Kwa hiyo nikaisimamisha pembeni kwenye stendi, nikaifunga kijicho, kile kifaa kidogo kinachoiwasha kikiona mwanga wa flashi ndogo ya kamera yangu.

Salama kabisa!

Kumbe kijicho hakichagui kamera.

Na harusi za Kariakoo mnazijua, mpiga picha asiyealikwa hakosi. Kila jamaa huyo akipiga na flashi yake, yangu nayo inawaka. Bibi harusi anaingia, imeshachoka, haiwaki ng'o!

Picha za jamaa sasa, zinang'aa balaa, flashi mbili!

Mama wa bibi harusi kaziona kwenye kamera ya jamaa, akanigeukia nimeshika stendi ya flashi kama msaidizi wa jamaa:

"Mwanangu, nipe namba ya bosi wako."

Nimempa yangu.

Nyie mngefanyaje?