Sengi Aliyenitokea Pembeni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kijijini kwetu na mizani zao. Mimi nilikuwa mpimaji wa mmoja wao, kijana wa kujisikia. Nimeinama kwenye mizani mchana kweupe, mtu akanisalimu ubavuni kwangu, "Mwadila." Nikageuka. Shangazi yangu, sengi kama tunavyomwita, alikuwa karibu kunigusa, na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi. Uwanja ulikuwa mtupu, lakini sikumwona akija.

Ikawa kila siku. Watu walinizukia pembeni kama wametoka ardhini. Ng'ombe kumi wa baba, nikiwatazama, niliona wanne tu. Pete ikagoma kutoka kidoleni, viatu vya mwaka jana vikanibana. Niliogopa, sikufichi.

Nikaenda kwa mganga. Akapasua kuku, akamsoma matumbo, akauliza, "Nani hukutokea ghafla?"

Ulimi hauna mfupa. Nikamtaja Sengi, mjane ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia miaka yote. Kwetu macho mekundu husemwa ni ya mchawi, na unajua jina la namna hiyo likitajwa linaishia wapi. Akakimbilia kijiji cha Lingeka kwa binti yake na blanketi moja. Siku ya pili nyumba yake ikachomwa.

Na watu wakaendelea kunizukia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Baba akanipeleka hospitali Bariadi, nao wakanituma mbele hadi Dar es Salaam, nikaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za kichwa. Daktari akanionyesha picha. "Uvimbe huu mkubwa umeota kwenye tezi chini ya ubongo. Umebana mishipa ya macho, unaona mbele tu. Na ndio unaokukuza mikono."

Nilipokwisha kupasuliwa, pembeni bado sioni, nikaenda Lingeka. Uani sikuona mtu. Nikaita.

"Nipo, baba." Sauti ilitoka begani kwangu. Alikuwa hapo muda wote.

Nikapiga magoti nikamweleza yote. Akazunguka akasimama mbele yangu. "Haya, niangalie."

Tangu hapo hadi anakufa, hakunisalimu kabla hajanijia kwa mbele. Kwake hakurudi tena.

Mwanangu, mwili ukikugeuka, upeleke ukapimwe kabla hujamtaja mtu. Jina likishatoka halirudi. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea huyo mjukuu hadi nimezeeka naye. Mungu akulindie macho yako, ya mbele na ya pembeni, na wazee wako wafe vitandani mwao.