Ng'ombe Wanane Niliowakubali Muyinga

Jamani, hii habari sijawahi kuisimulia mbele ya mtu wa Muyinga, na nikiwasimulia nyinyi leo ni kwa sababu wengine mmeshaisikia nusunusu hapa mtaani Magarama na mmeitia chumvi, eti nilifukuzwa kwa fimbo, eti nilikimbia bila viatu. Fimbo haikuwepo. Viatu nilikuwa navyo, tena vimepigwa rangi. Aibu ndiyo ilikuwepo, na ilikuwa yangu peke yangu, sikuiazima kwa mtu.

Ilianza na mtihani. Mwaka wa pili hapa chuoni Gitega nilianguka somo moja tu, la fedha, yale mambo ya thamani ya pesa ya leo na thamani yake kesho, riba inayozaa riba, mradi upi uushike na upi uuache, nikabakiwa na sesheni ya pili, yaani mtihani wa marudio, mwezi mmoja mbele, ambayo ukiianguka unarudia mwaka mzima, na baba yangu (mkulima, kule Mutoyi, mtu wa maneno machache) alishaniambia kwamba mwaka wa kurudia atanilipia kwa jembe, yaani nirudi nikalime. Donc nilihitaji mwalimu wa kunikalisha chini mimi peke yangu, répétiteur kama tunavyosema, na kila niliyemuuliza alinitajia jina moja: Shabani wa Muyinga. Alimaliza chuo hichohicho miaka miwili kabla yetu, na sifa yake ni kwamba alikuwa anafundisha fedha kwa mfano wa muuza nyanya mpaka nyanya zenyewe zinaelewa.

Simu yake haikupokelewa siku tatu. Mtu mwenye akili angengoja siku ya nne. Mi nikavaa suti, nikatia mfukoni pesa za masomo ya wiki mbili, na Jumamosi asubuhi nikapanda gari la Muyinga.

Sasa, kitu kimoja kunihusu (mnakijua, lakini acha nikiseme mwenyewe kabla hamjanisemea): nilikulia Tanzania, upande wa Ngara, tukiwa wakimbizi, nikarudi nyumbani nikiwa kijana tayari, na Kiswahili changu nilikuwa nakibeba kama diploma. Mtu akisema "mi iko na njaa" namsahihisha. Hata mama wa maandazi pale sokoni nilimsahihisha, akanipunguzia andazi moja, na bado sikujifunza.

Nikafika kwa kina Shabani saa nne na nusu. Uwanjani nikakuta watu kama ishirini, kanzu zimepigwa pasi, kasiye za Fanta, yale makreti ya chupa, zimepangwa kwenye pikapu, na Shabani mwenyewe katikati yao, koti jeupe, jasho linamtiririka. Kumbe siku hiyo ndiyo wanakwenda kumposa Zuena, msichana aliyemngoja miaka minne, na watu wa kwao walisema saa tano na walimaanisha saa tano. Tatizo, msemaji wao, mjomba Rajabu, ambaye ndiye wa kusimama na kumwomba msichana kwa niaba ya ukoo, alikuwa amekwama Kobero mpakani, gari halina esansi, petroli imemwishia tangu jana.

"Kama hatuendi sasa watasema tumewazarau," alisema Mzee Hamisi, baba yake Shabani, anazungusha kofia mkononi. "Na mi kusema mbele ya watu siwezi, munanijua. Tutafanya je?"

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenisukuma. Nikasogea mbele na suti yangu, nikasema:

"Mzee, mimi nitasema."

Wote wakageuka.

"We ni nani?" akauliza Shabani.

"Mwanafunzi wako," nikamjibu (alikuwa hajanikubali, ila mi nilishajikubalia), kisha nikawamwagia Kiswahili cha dakika moja, salamu, heshima, methali mbili, na shangazi mmoja akasema, "Eh! Huyu anasema kama redio!" Basi, ikawa imekwisha. Shabani akanivuta pembeni akanishika bega: "Kaka, ukinitoa leo, mtihani wako mi nitaubeba kwa mgongo."

Mnaona bahati hiyo? Ndani ya robo saa nimepata mwalimu, na sijatoa hata mia.

Njiani Mzee Hamisi akajaribu kunieleza. "Sikiliza mwanangu, mambo ya ng'ombe tumeshapatana nao, ni wawili, lakini pale watakuja kusema..."

"Mzee, usihofu, najua," nikamkatiza, maana nilikuwa napanga methali zangu kichwani. Akajaribu tena tulipopita soko, nikamwambia usihofu. Akajaribu mara ya tatu mlangoni kabisa, nikampigapiga mgongoni. Mtu mzima yule, nikampigapiga mgongoni!

Tukaketi, wao upande huu, sisi upande huu, tunatazamana. Nikasimama. Kidogo niwaambie "Bwana asifiwe" kama niko kanisani, nikajikamata, nikatoa assalam aleikum safi, wakaitikia, na kuanzia hapo, quand même, niseme ukweli wangu, nilikuwa mzuri. Nilimsifia Zuena, nikawasifia waliomzaa, nikausifia hata ukuta wa nyumba yao. Watu wakapiga makofi. Shabani akaanza kutabasamu.

Ndipo akasimama msemaji wao, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, akakohoa, akajiegemeza kwenye bakora yake. "Binti yetu amesoma," alisema. "Anapika. Hajawahi kumpandishia mtu sauti. Mutatupa ng'ombe nane."

Mi nikafikiri haraka. Nikaona mtu anayebishania bei ya binti wa watu, mama yake amekaa palepale anasikia, huyo hana adabu hata chembe. Nikanyoosha tai.

"Mzee wetu," nikasema, "Zuena kwa ng'ombe wanane ni kama mmetupa bure. Tumekubali. Wote wanane."

Mzee wa hina alibaki amesimama, mdomo wazi. Baadaye niliambiwa alikuwa amejiandaa na maneno ya nusu saa, vichekesho vyote, na mi nimemfungia duka asubuhi. Kwa sababu (na hili kila mtu mle ndani alilijua isipokuwa mimi) ile nane ni mchezo! Bei ya kweli wazee wanapatana kimyakimya wiki kadhaa kabla, halafu siku yenyewe wa kike wanapandisha, wa kiume wanalia umaskini, watu wanacheka, mnashuka mmoja mmoja mpaka mnafika kwa wale wawili, ambao wako tayari ndani ya bahasha, maana ng'ombe wa watu wa mjini hana pembe, ni noti. Kule kambini tulikolelewa watu walioana kwa haraka na kwa shida, sikuwahi kuketi kwenye kikao kama hicho hata siku moja. Lugha nilikuwa nayo yote. Desturi sikuwa nayo hata kijiko.

Mashangazi wa Zuena wakapiga vigelegele. Mzee wa hina naye akazinduka, jicho likang'aa. "Masha Allah," akasema. "Na wako wapi hao ng'ombe?"

"Wapo," nikajibu.

"Wapi?"

Nyuma Mzee Hamisi alikuwa ananivuta koti, mi nikadhani ananipa moyo. "Mutoyi," nikasema, ndilo jina la kwanza lililonijia.

"Mutoyi? Kwa mapadri?" mtu akauliza, na nyumba nzima ikaanza kunong'ona, familia ya Waislamu wa Muyinga, wauza vitambaa baba na babu, ina ng'ombe wanane misheni! Hapo ningeweza kukaa. Kiti kilikuwa nyuma yangu. Lakini mdomo uliponza kichwa, nikaongeza, "Tena kule wanapata majani mazuri sana."

Nikamwangalia Shabani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha: midomo ilikuwa inachezacheza, anapiga hesabu, wanane toa wawili, mishahara mingapi ya mwalimu, miaka mingapi. Kule mlangoni Zuena alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, nikajua analia. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuharibu hotuba, nimeharibu ndoa ya watu waliongojeana miaka minne. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na suti yangu.

Mara pikipiki nje. Mjomba Rajabu akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, hakuuliza lolote, akasimama moja kwa moja katikati na kuanza kulia umaskini: "Wakubwa zetu, sisi hatuna kitu, hata huyu kijana tunamlisha kwa mkopo, mutuhurumie..." Mzee wa hina akamwacha amalize yote. Kisha akasema taratibu:

"Bwana Rajabu, umechelewa. Mwenzako ametoa nane."

"Mwenzangu nani?"

Vidole vyote vikanielekea. Mjomba akanitazama kutoka viatu hadi tai, akarudi tena kwenye viatu.

"Huyu," akasema, "mi simjui."

Wallahi, nyumba ililipuka. Hata mama yake Zuena alicheka mpaka akashika mbavu. Na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, kwa sababu mjomba alikidaka hewani, akasema mgeni aliongea kwa njaa, asamehewe, na mzee wa hina akajibu kwamba neno likitoka kikaoni halirudi mikono mitupu: wanane watashuka, lakini wataishia watatu, si wawili, na mwenye mdomo atalipa faini yake mwenyewe, kasiye nne za Fanta. Pesa zangu za masomo zikaenda duka la jirani. Kasiye nilibeba mwenyewe begani, safari nne, mbele ya ukoo mzima, na kila nikipita mtu ananiuliza, "Ng'ombe hawajambo kule Mutoyi?"

Walipoanza kula nikatoroka. Shabani alinikuta nimekaa juu ya kasiye tupu nje ya geti, sina hata nauli.

"Unaenda wapi?"

"Gitega."

"Na masomo?"

"Pesa mmezinywa," nikasema. "Na uso wa kukuangalia sina. Nisamehe, kaka. Nimemliza mpaka Zuena."

"Zuena? Alikuwa anacheka, mpaka sasa anacheka." Akageuza kasiye nyingine, akakaa. "Naoa kwa ng'ombe moja zaidi, sababu yako. Ukianguka mtihani, hiyo ng'ombe imekufa bure. Bon. Mtu akikutajia bei, ile ni nini?"

"Ni bei."

"Hapana. Ni mwanzo wa maneno."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Nyanya aliziacha, kwa wiki tatu alinifundisha ng'ombe tu, ng'ombe wa leo na ng'ombe wa kesho, ng'ombe anayezaa na ng'ombe anayekula faida, na kwenye sesheni ya pili nikapata kumi na nne juu ya ishirini. Baba alisema "Eh," kwake hiyo ni hotuba. Yule ng'ombe wa tatu nilitaka kumrudisha, Shabani akakataa, akasema ipo siku atamdai kwa njia yake.

Tangu hapo nimejiwekea sheria: mtu akinieleza jambo, namwacha amalize, hata akirefusha. Na mama wa maandazi simsahihishi tena.

Ila mwezi ujao nami nakwenda kuposa, hapahapa Magarama, na msemaji wangu ni Shabani, kazi alijipa mwenyewe. Jana nilimpigia simu nikaanza kumweleza polepole, nikamwambia sikiliza kaka, tumepatana nao ng'ombe watatu, lakini pale watakuja kusema...

"Kaka, usihofu," akanikatiza. "Najua."